Ukuta Wenye Adabu

Kazini walimwita Bawabu, naye hakuchukia. Hospitali ilikuwa na mlinzi wa kweli pale getini, mwenye rungu na daftari, lakini kila mwenye akili alijua kwamba siku hizi wanaoleta balaa hawaingilii getini. Wanaingilia kwenye tovuti, na huko mlinzi alikuwa yeye, na kiti chake cha kuzunguka na kikombe chake kilichokatika mkono.

Balaa lenyewe lilikuwa madalali. Mara mbili kwa mwaka daktari bingwa wa macho alikuja kwa wiki moja kuwatoa watu mtoto wa jicho, na nafasi zake arobaini zilifunguliwa kwenye tovuti saa mbili kamili asubuhi. Ikifika saa mbili na dakika tatu, hakuna hata moja. Baadaye zilionekana nje ya geti, mikononi mwa vijana wenye simu nyingi, zikiuzwa kama karanga. Mkurugenzi alisema kwenye kikao kwamba jambo hilo ni aibu, na aliposema aibu alimtazama Bawabu.

Basi Bawabu akaandika sheria kwenye ukuta, yaani programu inayoilinda tovuti. Ukuta uangalie kila anwani, yaani ile namba ambayo mtandao wa mtu hujulikana nayo. Anwani ikibisha hodi, yaani ikiomba ukurasa wowote, zaidi ya mara sitini ndani ya dakika tano, ifungiwe nje kwa muda wa saa tatu. Hiyo sitini hakuiokota njiani. Alijipima mwenyewe: alijiwekea miadi ya majaribio tangu mwanzo hadi mwisho, akahesabu hodi zake, zikafika ishirini. Akazidisha mara tatu, kwa ukarimu. Ni mtu gani mwema angehitaji kuzidi Bawabu watatu?

"Iache ihesabu tu kwa wiki moja," alimshauri jirani yake wa meza ya pili, mama mtu mzima aliyewahi kuangusha mifumo mitatu ya kompyuta na kupata akili kila mara. "Isimzuie mtu. Itakuonyesha ingemzuia nani. Ukishawaona, ndiyo uikaze."

"Dada yangu, nafasi zinafunguliwa kesho."

"Ndiyo maana nakwambia."

"Kuhesabu ni kwa mtu asiyejiamini," Bawabu akasema, akabonyeza kitufe cha kuzuia.

Hata ujumbe wa kuwafukuzia waliofungiwa aliutunga mwenyewe, tena kwa makini kuliko sheria: *Umeomba mara nyingi kupita kiasi. Tafadhali subiri, kisha ujaribu tena. Tunakujali.* Mwizi naye ni binadamu, alisema, afukuzwe kwa adabu.

Nyumbani aliishi na mama yake, fundi cherehani, ambaye macho yake yalikuwa yakififia kidogo kidogo. Nguo bado alishona, kwa mazoea ya vidole, ila kutunga uzi kwenye sindano kulikuwa kumemshinda. Kwa wiki tatu alikuwa akimwambia, "Mwanangu, ile nafasi ya macho usiisahau," na kwa wiki tatu mwana alijibu, "Nitaishughulikia, mama." Hakuwa mtoto mbaya. Alimpenda mama yake sana, ila alikuwa na tabia ya kuuahirisha upendo hadi kesho. Tena simu yake aliipangia sheria kama ya ukuta: saa za kazi, mama akipiga zaidi ya mara mbili ndani ya saa moja, simu isilie, imtumie ujumbe, *Nipo kazini, nitakupigia.*

Asubuhi ya siku yenyewe mama alimshikia sanduku la sindano mlangoni. "Nitungie uzi kabla hujatoka."

"Jioni, mama, nimechelewa. Na ile nafasi yako nitajitahidi nikipata upenyo."

"Usihangaike, baba. Nimeshapata njia, nitajifanyia mwenyewe."

Hakuuliza ni njia gani. Alikuwa anafunga kamba za viatu, na ukweli ni kwamba alishusha pumzi.

Saa mbili kamili mchoro wa hodi kwenye kioo cha kompyuta yake ukaanza kupanda. Anwani nyingi zilibisha kistaarabu, zikaingia. Lakini moja ilikuwa inaumuka kama unga uliotiwa hamira: hodi arobaini, hamsini, sitini. Ukuta ukafunga, pap! Huko nje hodi ziliendelea kubishwa hadi zikafika mia tatu. Bawabu akaruka kutoka kitini.

"Nimemnasa! Dalali mkuu huyu hapa!"

Jirani wa meza ya pili akainamia kioo. "Kwenye anwani moja tu? Dalali gani mjinga namna hiyo?"

"Tamaa humpofusha mtu, dada."

Simu yake ikalia. Mama. Ikalia tena. Mama. Akailaza kifudifudi, na baada ya hapo haikulia tena, kwa sababu sheria zake zote mbili zilikuwa zinafanya kazi barabara. Mkurugenzi alishuka kwa miguu yake mwenyewe kuja kumpa mkono. Kabla ya saa nne alikuwa amebandika tangazo kwenye ubao: safari hii wananchi wamepata nafasi kwa haki.

Mchana jirani wa meza ya pili akafungua orodha ya waliopata. Aliishusha na kuipandisha mpaka Bawabu akaingiwa na wasiwasi.

"Hebu tazama," alisema. "Nafasi arobaini. Thelathini na nne kati yake, kila anwani imebisha mara kumi na tisa, na si zaidi. Hakuna aliyekosea namba ya simu, hakuna aliyerudi nyuma. Hao ndio watu wenye macho mabovu?"

Vijana wa getini walikuwa na simu nyingi, kila simu na anwani yake, na kila moja ilipita ukutani kwa heshima zote.

"Na yule wako wa hodi mia tatu?"

Wakamtafuta mwenye anwani. Lilikuwa duka la steshenari, lenye kompyuta sita zinazotumia anwani hiyo moja, mtaa wa pili kutoka kwao Bawabu. Mhuri wake ulikuwa kwenye kila nakala ya cheti nyumbani kwao. Akaigeuza simu. Mama alikuwa amepiga mara tisa. Mbili zililia, saba zilimezwa.

Alipanda kwa mkurugenzi mbio. Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba tangazo lilishabandikwa.

Dukani, mwenye duka alikuwa anafagia. "Walikuwa ishirini na watatu, wazee watupu, tangu saa kumi na mbili. Kompyuta zote zikagoma pamoja. Wengine walitukana wakaenda zao. Mama yako alisema imeandika tusubiri, basi tusubiri. Saa tano ikafunguka, kumbe nafasi zilishakwisha."

Alimkuta mama yake mezani, amelisogeza pindo la sketi hadi puani.

"Kuna kijana pale nje alisema anayo nafasi," mama alisema, kabla hajasalimiwa. "Nikamwambia mwanangu yuko hukohuko hospitali, sisi hatupitii uchochoroni."

Alikaa chini, mbele yake. "Mama, yule dalali niliyetaka kumfungia nje hakufungika. Niliwafungia nyinyi. Na yale maneno kwenye kompyuta niliyaandika mimi."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Mwenye duka alinisomea. Nani mwingine anayesema tafadhali huku anakufukuza?" Alisema bila hasira, na heri angekasirika. "Daktari anarudi lini?"

"Baada ya miezi sita."

Mama akavuta sanduku la sindano na kulisukuma upande wake. Bawabu alitunga uzi kwenye moja, akakosea, akalamba ncha, akatunga. Kisha akatunga ya pili, na zote zilizobaki. Mama alizipokea moja moja, akazipapasa, akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Ziko ngapi?"

"Kumi na mbili, mama."

"Kwa miezi sita hazitoshi," alisema. "Itabidi nikuombe tena, na tena. Niambie mapema, baba, nisije nikavuka mpaka: mwisho ni mara ngapi?"