Kila Ninachogusa

Mimi si mgomvi, ila watu wananichokoza. Wifi yangu, kwa mfano. Ilibaki miezi miwili binti yangu aolewe, na wifi, naye ni fundi cherehani kama mimi, akaja kibandani kwangu, akaitazama mikono yangu, akanisikitikia kwa furaha kabisa. "Pumzika, wifi. Gauni la bibi harusi nitashona mimi."

Yeye! Mtu ambaye kila mkono wa gauni lake una urefu wake!

Nilimwacha aringe kwa sababu mikono ilikuwa imenitia aibu kweli. Mwaka mzima viganja viliwasha, vikapasuka, vikatoa maji, vikakauka, vikaanza upya. Muuza dawa alisema ni fangasi, nikapaka dawa ya fangasi mpaka wangehama mtaa kama wangekuwepo. Na satini haitaki mkono wenye magamba. Nikipitisha kiganja tu, krrr, uzi umevutika. Mwanangu alitaka satini, na alitaka ishonwe na mama yake. Kitambaa alikinunua hata mchumba hajapatikana. Nimewavalisha maharusi wa mtaa mzima. La kwangu linishinde, uso nitauficha wapi?

Basi nikapiga moyo konde, nikaenda kwa daktari wa ngozi. Kabinti kadogo, rika la mwanangu. Akakwangua ngozi kidogo, akaipeleka kwenye hadubini, akarudi. "Mama, fangasi hakuna. Huu ni ukurutu wa mikono, umekaa muda mrefu. Hauambukizi. Sasa tutafute kinachouchokoza. Ukija tena, niletee kila unachogusa nyumbani na kazini."

Mimi nikiambiwa kitu nafanya. Nilibeba begi: sabuni, mafuta ya kupaka, mkasi, chaki, sponji ya vyombo, kitasa cha mlango wa jikoni nilichokifungua kwa bisibisi, na mume wangu.

"Na huyu mzee?" daktari akauliza.

"Si umesema kila ninachogusa?"

Mume wangu ni karani mstaafu, hajawahi kushika kitu kizito kuliko muhuri. Alikaa na begi mapajani. Kusema ukweli nilikuwa namshuku tangu mwanzo. Daktari akageukia ukutani, mabega yakimtetemeka, halafu akasema huyu haenei kwenye plasta za kupimia.

Plasta zenyewe alinibandika mgongoni safu kwa safu, kila moja na kitu chake na namba yake, ili aone kipi ngozi yangu inakikataa. Siku mbili nisiloweshe mgongo, nisitoke jasho, nisijikune. Jamani! Namba kumi na moja ilianza kuwasha siku ileile, na kwa kuwa kujikuna marufuku, nikawa namkaripia mume wangu badala yake.

Plasta zikabanduliwa, nikaambiwa nirudi tena baada ya siku mbili mgongo usomwe vizuri. Niliporudi, namba kumi na moja ilikuwa imevimba, nyekundu.

"Nikeli," daktari akasema. "Iko kwenye vyuma vingi. Kuna chuma unachokivaa mkononi, mama?"

Nikatazama kidole changu cha kati. Kastabini yangu! Kile kikofia cha chuma kinachozuia sindano isinichome. Miaka thelathini naivaa kutwa nzima. Kwa daktari nilikuwa naivua mlangoni, kwa adabu, kama watu wanavyovua kofia.

"Na unanawa mara ngapi kwa siku?"

"Thelathini hivi. Satini nyeupe, mwanangu, sitaki madoa."

Akashika kichwa. Nikaambiwa mwili unaweza kukikataa chuma hata baada ya miaka mingi, kastabini nitumie ya ngozi. Dawa ya kupaka jioni, mafuta mazito yasiyo na harufu kila nikinawa, sabuni kwa nadra. "Na vyombo usioshe kabisa. Nyumbani nani mwingine anaosha?"

Mume wangu, aliyenisindikiza tena, akawa anasoma bango ukutani kwa makini sana. Lilihusu kunyonyesha.

Lakini aliosha, nisimdhulumu. Aliosha kwa maji ya moto na nusu chupa ya sabuni, akiimba. Nikamwambia vaa glavu, akanijibu kwamba glavu ni za wagonjwa. Haya.

Wiki ya tano nilipitisha kiganja kwenye satini. Kimya. Nikapitisha tena. Kimya! Nililia pale pale, nikiwa nimekunja kitambaa kisije kikapata machozi. Kisha nikakalia cherehani wiki mbili, na gauni likatoka, mikono yote miwili urefu mmoja.

Siku ya kulijaribisha wifi alikuja na miwani, akazunguka mara tatu akitafuta kasoro, akakosa. Mwanangu alisimama mbele ya kioo. Baba yake akashindwa kujizuia. Akanyoosha mkono, akampapasa mgongoni.

Krrr.

Wote tukageuka. Kiganja chake kilikuwa chekundu, kimepasukapasuka mpaka katikati ya vidole. Alikuwa akikificha mfukoni wiki nzima! Wifi akafungua mdomo. Nikamwambia aufunge. Nikachukua sindano nishone kiua juu ya ule uzi uliovutika, lakini binti akanizuia mkono.

"Uache, mama. Hapo ndipo baba aliponishika."

Ameolewa na uzi wake. Na leo baba yake anaenda kwa daktari. Ameambiwa abebe kila anachogusa. Mimi nimeshavaa viatu.