Ufagio Mlangoni Mwezi wa Pili

Umewahi kumkaribisha mgeni mezani, ukamkatia mkate kwa mkono wako mwenyewe, huku ukimwomba Mungu mgeni huyo asikisogeze kikapu cha mkate? Mimi nimewahi. Tena hawakuwa mgeni mmoja, walikuwa kumi na mmoja, askari watupu, wamevaa makoti ya kijani, na kofia zao ngumu wamezipanga kwenye benchi langu la jikoni kama maboga yanayongoja kupikwa. Chini ya kikapu cha mkate lilikuwako daftari la jalada la bluu, la mistari mipana, kama lile wanaloandikia watoto wa darasa la tatu. Ndani yake mlikuwa na majina arobaini na mawili, yote kwa mwandiko wangu.

Ngoja nianzie mbali kidogo, ndipo utanielewa.

Ilikuwa Februari ya mwaka wa sabini na tano, hapa hapa Oberlingen, chini ya vilima vya mizabibu. Kutoka kwetu hadi mto Rhine ni mwendo wa nusu saa kwa baiskeli, na kando ya mto ndipo ulipo msitu wetu. Serikali ilikuwa imetoa kibali kinu cha nyuklia kijengwe humo msituni. Kiangazi kilichotangulia alikuja bwana mmoja aliyevaa tai kutueleza, tukakusanyika ukumbi wa zimamoto. Akasema ile minara ya kupozea maji itatoa mvuke tu, mvuke safi.

Jirani yangu Lioba akanyoosha mkono. "Bwana, huo mvuke utakwenda wapi?"

"Juu, mama."

"Na ukichoka kukaa juu?"

Yule bwana akacheka. Sisi hatukucheka. Mkulima wa zabibu anajua: ukungu ukigoma kuondoka asubuhi wiki mbili tatu, majani huota kuvu, na mwaka mzima umekwenda. Na ile sumu nyingine, isiyo na rangi wala harufu, ndiyo iliyotutisha zaidi sisi wenye watoto wadogo. Mimi nilikuwa nao wawili. Nilikuwa nikiwatazama wakinywa maziwa, nikaona hata maziwa yenyewe siyaamini tena.

Basi ikaundwa kamati ya wananchi. Usifikiri walikuwa watu wa siasa. Alikuwemo muuza dawa, mchungaji, fundi wa mapipa, wakulima, na sisi wake zao. Tulipita nyumba kwa nyumba tukiomba saini, tukaandika barua, barua hazikujibiwa. Tingatinga la kwanza lilipoingia msituni Jumatatu moja, wanawake tulikwenda tukakaa chini mbele yake na sweta zetu za kufuma. Dereva akazima injini. Akasema, "Shangazi yangu yule pale. Sasa mimi nifanyeje?" Tangu siku ile tukawa tunakaa kule kwa zamu, usiku na mchana, na mwandishi wa zamu nikawa mimi. Shule niliishia ya kijijini, lakini mwandiko wangu unasomeka.

Jina moja halikuwemo: la mume wangu Eugen.

Eugen alikuwa kibarua wa idara ya misitu. Mwezi wa Oktoba uliotangulia bosi wao aliwapanga mstari akawaambia, atakayeonekana na watu wa kamati, kazi hana. Tangu hapo Eugen alipungukiwa maneno. Ukimuuliza habari ya kinu, jibu lake lilikuwa moja: "Tutaona." Nikitoka kwenda zamu yangu alikuwa akitazama chupa yangu ya chai, akitazama buti zangu, kisha anageukia dirisha. Hakunikataza. Hakunipa baraka pia. Mama yake, Bibi Kreszentia, tuliyekuwa tukikaa naye, alikuwa akimchokoza: "Nilizaa mtoto au nilizaa kigogo?"

"Tutaona, mama."

Jumatano moja jioni nikamkuta na karatasi kwenye mfuko wa koti. Najua si vizuri kupekua. Karatasi ilisema aripoti yadi ya misitu saa kumi na mbili asubuhi, na msumeno wake wa injini, kwa kazi maalumu. Kazi maalumu mwezi wa pili ilikuwa ipi, kama si kukata ule msitu tuliokuwa tumeukalia? Maana yake polisi nao walikuwa njiani. Niliipeleka habari kwa Lioba kwa miguu, kwa sababu simu zetu siku hizo zilikuwa zikikwaruza, na tuliamini kuna mtu anasikiliza.

Namna ya kupeana habari tulikuwa tumeshaipanga. King'ora cha zimamoto mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekifungia. Kengele za kanisa padri alikuwa akimwogopa askofu. Ndipo Lioba akasema, "Ufagio." Kwetu huku mkulima anaruhusiwa kuuza mvinyo wake mwenyewe jikoni mwake, miezi michache tu kwa mwaka. Siku akifungua, anatundika ufagio wa vijiti juu ya mlango. Ukiuona ufagio, unaingia: mvinyo upo, mkate upo, na mwenye nyumba hamfukuzi mtu. Mwezi wa pili haukuwa mwezi wa kuutundika. Kwa hiyo ufagio ukionekana nje Februari, kila mtu wetu ataelewa kwamba wamekuja, atatundika wake ili wa nyumba ya juu yake auone, kisha atakimbilia msituni. Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza kutoka barabara kuu, kwa hiyo wa kuanza ni mimi.

Tulifikiria kila kitu. Jambo moja tu lilitupita.

Alhamisi, Eugen alitoka kungali giza. Nilimsikia akiuchukua msumeno bandani, nikasikia baiskeli ikilia cheni. Sikusema neno. Nilikaa mezani nikafungua daftari ninakili zamu za wiki ijayo, ili mikono ipate kazi. Kulipopambazuka, nikausikia mngurumo. Nilichungulia dirishani: malori saba, na nyuma yake magari mawili ya kumwagia watu maji. Nililisukuma daftari chini ya kikapu cha mkate, nikakimbia na ufagio. Kitanzi kilikosa msumari mara tatu. Ng'ambo ya barabara Lioba aliona, akachomoza mkono na wake.

Nilirudi ndani nikavaa buti. Kabla sijafunga kamba, mlango ukagongwa.

Alikuwa askari wa masharubu mekundu, pua imeiva kwa baridi. "Mama, mvinyo upo? Nimeuona ufagio. Mimi mtu wa huku huku, nyuma ya kile kilima. Tumo ndani ya lori tangu saa tisa usiku, miguu hatuijui kama ni yetu."

Hapo ndipo nilipoliona kosa letu, limesimama mlangoni na masharubu. Nikisema hapana, mtu huyu, mtu wa vilimani, atajiuliza ufagio unafanya nini nje. Nikasema, "Karibuni."

Wakaingia kumi na mmoja, pamoja na mkubwa wao, Inspekta Wurster, mtu wa Stuttgart, mwembamba, anavua glavu kidole kidole. "Robo saa," akawaambia. "Mpaka wakata miti wafike."

Bibi Kreszentia alikuwa pembeni ya jiko, anamenya viazi. "Futeni viatu! Hapa siyo zizi la serikali." Wakafuta, wote, mpaka Inspekta. Kisha Bibi akanivuta sikio nilipoinama kuchukua vikombe. "Robo saa yao ni robo saa yetu. Mimina polepole, mwanangu. Zeeka ukimimina."

Nilimimina. Shingo ya chupa ikigonga ukingo wa kikombe, tik tik tik, mpaka nikaona aibu. "Mama ana baridi kuliko sisi," mmoja akasema, wakacheka. Mkate niliushika mimi. Kila kipande nilikikata nikampa mtu mkononi, na nyama ya moshi juu yake, ili asiwepo wa kunyoosha mkono kwenye kikapu. "Kula, kula, baba." Ncha ya jalada la bluu ilikuwa imetokeza kidogo, upana wa ukucha. Nilikuwa nikiona hiyo tu. Jikoni lote lilikuwa hiyo ncha. Ndani yake alikuwemo Lioba mwenye watoto watano. Alikuwemo mwalimu wa kike, ambaye serikali ingemtoa darasani siku hiyo hiyo. Tena niliyewaandika ni mimi.

"Afande," akasema kijana mmoja aliyekuwa dirishani, "kwani leo sikukuu gani? Nyumba ya pili nayo ina ufagio. Na ya tatu. Mpaka kule juu kanisani, naona fagio tu."

Yule wa masharubu mekundu akaacha kutafuna. Alinitazama, akatazama kikombe chake, akanitazama tena. Nikajua ameelewa. Nikashika ukingo wa sinki.

"Mwaka jana walivuna sana, Afande," akasema taratibu. "Mapipa yamejaa. Watu wa huku ndivyo walivyo." Akarudisha macho kwenye mkate wake na hakuyainua tena.

Inspekta Wurster alisimama, akaenda dirishani, akatazama kilima kwa muda mrefu. Aliporudi, hakuketi. Alikisogeza kikapu kwa kidole kimoja, kama mtu aliyeiona ile ncha ya bluu tangu mwanzo, akalitoa daftari.

"Ijumaa, saa moja asubuhi," akasoma. "Lioba. Hedwig. Notburga. Walburga." Walburga ni mimi. "Hii nini, mama?"

Nilikamata kisu cha mkate, nikaanza kukata kipande kingine.

"Zamu ya kufagia kanisa," akasema Bibi Kreszentia, kiazi mkononi.

"Bibi, mimi ninakotoka kila nyumba ya ghorofa ina zamu ya kufagia ngazi. Nimefagia tangu nina miaka sita. Sijaona zamu ya kufagia iliyoandikwa 'mablanketi kumi, kuni, supu ya dengu'."

"Kanisa letu lina baridi."

Inspekta akafunua karatasi yake ya mfukoni, akapitisha kidole. "Nyumba ya Schillinger, mlangoni imeandikwa. Eugen Schillinger, mkata miti. Yumo kwenye orodha yangu, yuko upande wetu. Na mkewe ndiye huyu." Akanisogelea. Sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Mama, unajua mumeo anapoteza nini kwa daftari hili? Niambie nani aliyekupa kazi ya kuandika. Jina moja tu. Hili nalifunga, na mumeo anabaki na kazi yake."

Nilifikiria watoto, waliokuwa wamelala chumba cha juu. Nilifikiria kodi ya shamba, viatu vya majira ya baridi. Nakwambia kweli, kwa sababu nimezeeka na sina wa kumdanganya: jina la Lioba lilifika mpaka kwenye meno. Nilikaza taya. Machozi yalinitoka, lakini taya niliikaza.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Eugen akaingia.

Hakuwa na msumeno. Buti zake zilikuwa na tope, koti lake lilikuwa safi, hata chembe ya unga wa mbao hamna. Alisimama pale kati ya askari, mrefu, mikono mitupu inaning'inia, kama mtu aliyekosea nyumba. Nikaona midomo yake imepauka.

"Schillinger?" akauliza Inspekta. "Wenzako wako wapi? Tunawasubiri."

"Watakuja wengine. Mimi msumeno nimeurudisha."

"Umeurudisha?"

"Mezani kwa bosi. Na funguo za banda."

Nje, redio ya lori ilianza kukwaruza, sauti ya mtu anapiga kelele: watu wanaingia msituni kutoka kila upande, mamia, wana matrekta, tutumieni wengine haraka. Askari wakaanza kunyakua kofia zao. Wa masharubu mekundu akaweka kikombe chake taratibu kwenye sinki, akaniambia, "Asante, mama," bila kunitazama, akatoka.

Inspekta alikuwa bado ameshika daftari. "Unajua unachofanya, bwana? Kesho huna kazi."

"Leo tayari sina." Eugen akanyoosha mkono. Ulikuwa ukicheza kama jani, lakini hakuurudisha. "Hilo daftari ni la nyumba hii. Limepungukiwa jina moja. Nipe."

Redio ilipiga kelele tena. Wurster alimtazama, akautazama ule mkono unaotetemeka, akatazama mlango uliokuwa wazi na watu wake wakikimbilia malori. Akalitupa daftari mezani, juu ya makombo ya mkate, akatoka.

Bibi Kreszentia alikuwa bado ameshika kiazi kile kile, kimemenywa nusu.

Eugen akavuta kiti, akaketi mbele yangu. Alitafuta penseli chini ya kikapu mpaka akaipata, akaniwekea mkononi, na vidole vyangu akavifunga mwenyewe juu yake.

"Niandike zamu ya leo, Walburga," akasema. "Mimi sikitaki kile kinu. Sikukitaka tangu Oktoba. Niliogopa tu kusema."