Mtungi Uliokataa Kukauka

Katika mtaa wetu mzima hakuna mfinyanzi anayenishinda. Nasema bila aibu, na ushahidi ninao: nimebaki peke yangu. Wenzangu wengine wamekufa, na aliyekuwa hodari kuliko sisi sote siku hizi anauza ndoo za plastiki. Hata ndoo ninayolowekea udongo nilinunua kwake.

Mjukuu wangu aliletwa likizo ndefu ilipoanza. Mama yake alimshusha mlangoni na begi moja na onyo moja: "Mama, huyu hapendi kushika vitu. Usimlazimishe."

Nikamtazama mtoto. Mikono ilikuwa mfukoni, kama mtu anayeogopa kupekuliwa. Nilikuja kusikia kwamba shuleni walimcheka tembo wake wa udongo, wakauliza kiazi hiki ni cha nani. Tangu hapo mikono ikahamia mfukoni, na huko ndiko ilikokuwa ikiishi.

"Karibu, mke mwenzangu," nikamwambia. "Babu yako ametutangulia, kwa hiyo hatuna cha kugombania."

"Bibi, mimi nina miaka tisa."

"Ndiyo maana nilikuwahi."

Banda langu la kazi liko nyuma ya nyumba, kuta tatu na bati. Wakati huo nusu ya banda ilikuwa imeliwa na mtungi wa Bi Haraka, mwenye duka la maua. Aliutaka usimame mlangoni pa duka lake, na ndio mtungi mkubwa pekee niliokuwa nimeagizwa kwa muda mrefu. Jina la Bi Haraka tumempa sisi, kwa sababu tangu tumfahamu hajawahi kukaa. Ukimsogezea kigoda anasema, "Sikai, gari linaningoja nje," na kisha anasimama kukueleza maisha yake.

Mtungi nilikuwa nimemaliza kuufinyanga, nimeuacha kivulini ukauke. Udongo mbichi ukiingia motoni hupasuka, na mpasuko wake unausikia mpaka kwenye meno.

Asubuhi moja mtoto akasimama kando ya mtungi, ameinamisha kichwa.

"Bibi, kuna mtu anaimba humu ndani."

Nikadhani ananitania, maana na mimi nilikuwa nimeshamtania vya kutosha. Nikaweka sikio. Kweli, kulikuwa na mvumo mwembamba, unakuja na kukatika. Tukachungulia. Chini kidogo ya mdomo, kwa ndani, alikuwako dondora, yule nyigu mwenye kiuno ambacho wanaume humsifia nacho mwanamke wasiyemjua vizuri. Amebeba donge la udongo dogo kuliko punje ya dengu. Alilibandika, akalivuta likawa utepe, huku anarudi kinyumenyume, kisha akaruka kwenda kutafuta jingine.

Alikuwa anafinyanga mtungi. Sisemi kitu kinachofanana na mtungi. Ulikuwa na tumbo la duara, ulikuwa na shingo, na juu ulikuwa na mdomo uliokunjwa nje, sawasawa pande zote, na wote kwa jumla ungetosha juu ya ukucha wangu wa kidole gumba. Mdomo umenisumbua tangu nikiwa msichana. Wangu hupinda upande mmoja, kama mtu aliyesikia harufu.

"Hauzungushi mtungi," mtoto akanong'ona. "Anazunguka yeye."

Nikakaa chini. Mimi hufinyanga nimekaa, mtungi nauzungusha juu ya sahani iliyovunjika, kwa sababu magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Lakini mama yangu hakuzungusha mtungi hata siku moja. Aliinama, akaweka mkono mdomoni pa mtungi, akauzunguka kinyumenyume mpaka umekamilika. Sakafu ya banda lake ilikuwa na mfereji wa duara, uliochimbwa na nyayo zake. Nikamweleza mtoto hayo yote.

Akafikiri. "Nani alimfundisha mwenzake?"

"Sijui. Niliishia darasa la saba, na hilo hawakutufundisha."

Kesho yake nikamkuta ameweka donge la udongo juu ya ndoo iliyofunikwa, anaizunguka kinyumenyume. Alijikwaa kwenye kuni, akaanguka, akainuka, akaendelea. Kilichotoka hakikuwa cha kusifiwa.

"Kiazi," akasema, kabla sijasema mimi.

"Kiazi chenye mdomo. Hivyo ni adimu. Endelea."

Basi tukawa wafinyanzi watatu bandani, na mdogo kuliko wote ndiye aliyekuwa mwalimu. Dondora alipomaliza kitungi alileta viwavi, akawashindilia ndani, akaziba mdomo ule mzuri kwa udongo, kisha akaanza kingine ubavuni mwake. Mtoto alikuwa anaacha chai inapoa. Alinishika mkono kila mara nione, na mkono wake ulikuwa na udongo mpaka kwenye kiwiko.

Siku ikafika nikaweka shavu kwenye mtungi mkubwa. Mfinyanzi hupima hivyo: udongo wenye maji ni baridi hata wakati wa joto. Haukuwa baridi. Ulikuwa tayari kwa moto.

"Vitungi tutavibandua taratibu," nikasema, nikachukua kisu.

Cha kwanza kilivunjika kiganjani mwangu. Ndani kulikuwa na viwavi wa kijani, wazima lakini wamelala kama wamelogwa. Juu yao, kutoka kwenye dari ya kinyumba kile, lilining'inia yai moja kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Limetundikwa, lisije likapondwa. Na chakula kimepangwa chini, mtoto akizaliwa asihangaike. Nimezaa, nimelea, nimejisifu kwa majirani, lakini sijawahi kumtundikia mtoto kitanda namna ile.

"Na hawa waliobaki?" mtoto akauliza. "Utawachoma?"

Hakulia. Alirudisha mikono mfukoni, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikaweka kisu chini. "Mtungi haujakauka," nikasema.

"Umekauka, Bibi. Umepima na shavu."

"Kuna kukauka na kukauka. Wewe usiseme uongo, kwa umri wako haupendezi. Nyamaza tu. Uongo nitausema mimi, nimeuzoea."

Mikono ikatoka.

Bi Haraka akaja. Nikamwambia bado mbichi.

"Kwa jua hili? Nguo zangu zinakauka kabla sijazianika."

"Udongo si gauni, mwanangu. Keti nikueleze."

"Sikai, gari linaningoja nje."

Akaja tena, na tena. Mara nikamwambia ni umande. Mara nikamwambia ni udongo wa bondeni, mzito wa kuelewa. Mwisho akasema, "Bibi, usiponipa mtungi wiki hii, nanunua pipa la plastiki." Neno hilo liliniingia, kwa sababu nilijua angelinunua kwa nani. Nikamtazama mtoto anavyoizunguka ndoo yake kinyumenyume, ulimi nje. Juu ya ndoo kulikuwa na kitungi chenye shingo.

"Nivumilie kidogo," nikasema. "Bado mbichi."

Likizo ilikuwa inakaribia kwisha Bi Haraka alipoingia bila hodi, akaenda moja kwa moja kwenye mtungi. "Leo napima mwenyewe." Akaweka shavu, kama alivyoniona nikifanya. "Huu umekauka, Bibi. Umekauka kama biskuti."

"Shavu lako lina homa."

Akavuta pumzi anipe haki yangu. Pumzi ikaishia hapo hapo, na shavu halikutoka. "Humu ndani kuna kitu kinakwaruza."

Mtoto alifika kabla yangu. Vichwa vitatu juu ya mdomo wa mtungi. Ubavuni mwa kitungi kimoja palitokea tundu kama ncha ya sindano. Likapanuka. Meno yakaonekana, kisha uso, kisha kile kiuno, na dondora mzima akasimama juu ya nyumba aliyolelewa. Akanyoosha mabawa polepole, bawa moja, kisha la pili.

"Hajawahi kumwona mama yake," mtoto akasema, sauti haisikiki vizuri. "Atajuaje kufanya mdomo?"

Dondora akapita katikati ya nyuso zetu, akaingia kwenye mwanga wa nje.

"Kwa hiyo mtungi ulikauka zamani," Bi Haraka akanong'ona.

"Zamani sana," nikakiri. "Nitauchoma moto wakitoka wote."

Katika kitungi cha pili mkwaruzo ulikuwa umeanza. Bi Haraka akapapasa nyuma kwa mguu, akakipata kigoda, akakivuta, akakaa. Kivuli cha banda kilisogea, tundu likapanuka kidogo, naye hajainuka.

Mtoto akamtazama, kisha akatazama barabarani, ambako hapakuwa na kitu.

"Shangazi, na gari linalokungoja?"

"Gari gani?" akasema Bi Haraka, macho yako mtungini.