Umeme Uliochoka Njiani

Mwaka 2003, mchana wa Maulidi pale Ruponda, kipaza sauti kilikoroma kama mzee anayesinzia. Faudhia akaona jasho likimtiririka mumewe, Shaibu fundi redio. Ni yeye aliyewaahidi wazee kwamba safari hii hawatakodi jenereta Nachingwea, sola itatosha. Akishindwa mbele ya watu wote hawa, nani atamletea tena hata redio?

Sola ilichomelewa juu ya paa la duka lake kwa kuogopa wezi. Betri nayo kongwe, ukiitenga na sola haikohoi. Basi Shaibu akavuta waya mwembamba wa kengele kutoka dukani, ukakatiza uwanja wa mpira mpaka msikitini.

"Umeme umechoka na safari!" akapaza sauti Eustakio, Mmakua, mtani wao. "Mnywesheni maji!" Akaumwagia waya kata nzima ya maji. Watu wakaangua kicheko.

Shaibu akachukua taa ndogo, akaigusisha kwenye waya pale dukani: ikawaka nyeupe. Katikati ya uwanja, njano. Msikitini, nyekundu kama kaa linalozimika.

"Mama Adinani," akamwambia mkewe taratibu, "umeme huu unakwenda upande mmoja tu, na msukumo wake mdogo. Unataka barabara pana. Mimi nimeupa kichochoro."

Faudhia akatazama huku na huku. Kila ua lilikuwa na kamba ya kuanikia nguo, na kamba zenyewe ni nyaya nene za shaba, masalia ya simu za enzi za mashamba ya karanga ya Waingereza.

"Baba Adinani, na zile je?"

Shaibu akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi.

Bibi Zaina, jirani yao, ndiye aliyeanua nguo kwanza. Wengine wakafuata. Shaibu akasugua ncha kwa mchanga, akaunga nyaya, akazipanga mbilimbili. Nguzo hazikutosha, wanawake wakajipanga uwanjani wakazishika: mkono wa kulia chanya, wa kushoto hasi, zisikutane.

"Hautatupiga, mwanangu?" Bibi Zaina akauliza.

"Huu hauna meno, bibi."

Ghafla sauti ya shehe ikatoka, nene, safi, ikawafikia hata waliokaa kule kwenye mikorosho. Faudhia akamtazama mumewe, mikono ikimuuma, akajiona ameolewa na mtu.

Eustakio akaja kumpokea Bibi Zaina waya. "Sasa shemeji, kesho nguo tutaanika wapi?"

"Mdomoni mwako," Faudhia akamjibu bila kushusha mikono. "Leo hauna kazi."