Kepi ya Mgeni

Muhirwa ndiye aliyemwalika. Hakuna aliyemlazimisha.

Alikuwa akipiga pasi kwa Muzafaru, dobi wa Mbarara aliyezeeka akifua sare za maofisa, na kwa miaka minne alikuwa amezijua sheria za nguo za sherehe kama anavyojua jina lake. Medali hukaa kifua cha kushoto. Kifungo kikilegea, aibu ni ya dobi kabla haijawa ya mwenye nguo. Na kubwa kuliko zote ilikuwa sheria ya kepi, ile kofia ngumu yenye ukingo mweusi unaong'aa.

"Afande akialikwa harusi," Muzafaru alizoea kusema, "mkanda anaacha nyumbani, na mlangoni anatoa kofia. Hapo ni mgeni, anakula pilau kama wewe. Ukiona ameingia na mkanda, kofia iko kichwani, weka sahani chini. Huyo iko kazini."

Alhamisi ile aliingia mwanamume mrefu, sikio lake la kushoto limekatwa ncha. Alilaza sare ya sherehe mezani na kusema anaitwa Kapiteni Laurent. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani kwao Muhirwa, cha upande wa Uvira. Muhirwa hakuuliza ni wa jeshi gani. Medali sita zilimtosha.

"Na kepi, kapiteni? Nitaisafisha bure."

"Kepi hapana. Hii haishikwi na mtu." Aliigusa ukingoni kwa kidole. "Bantu yangu habaangalie uso wangu, banaangalia kepi. Fasi iko, njo fasi niko." Yaani ilipo kepi, watu wake walihesabu kwamba yeye yupo. "Weye unatoka wapi, mdogo yangu?"

"Nakivale, kambi ya wakimbizi. Jumamosi dada yangu anaolewa."

"Anaolewa na nani?"

"Mihigo, mtu wa ng'ombe, wa Endiinzi."

Kapiteni alilirudia jina hilo, kisha akatabasamu. Wakati huo mawazo ya Muhirwa yalikuwa mbali. Wajomba wa Mihigo walikuwa wamecheka mbele ya mama yake kwamba ukoo wa bibi harusi hauna hata mtu mmoja wa kuketi kiti cha mbele. Alimwona kapiteni tayari ameketi pale, medali zinawaka, wajomba wamefunga midomo.

"Karibu harusini, kapiteni," alisema. "Uje na hii sare."

"Nitakuja nayo," alisema kapiteni.

Jumamosi asubuhi, katika chumba cha udongo nyuma ya kanisa, Muhirwa alimsaidia bwana harusi kufunga tai. Utepe wa protokole, wa wale wanaopokea na kuketisha wageni, ulikuwa umeshabanwa kifuani mwake.

"Shemeji, kiti cha mbele nimekipatia mtu. Waambie wajomba zako wajiandae. Kapiteni mzima."

"Kapiteni nani?"

"Laurent."

Mihigo aliiachia tai. "Sikio moja ni fupi?"

Muhirwa aligusa sikio lake mwenyewe la kushoto, na hilo lilitosha. Mihigo aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, suti yake mpya ikijikunja magotini.

"Nilimubebea redio miaka mbili, kule porini," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na tano. Siku moja alifunga mlango ya kanisa na bantu iko ndani, akawasha moto. Tulioona tulikuwa sita. Batano habaiko tena. Nimebaki mimi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungenipa dada yako?"

Muhirwa alitazama viatu vyake. "Basi kimbia sasa."

"Dada yako Munezero ameshaingia kanisani. Nimuache mbele ya bantu yote, aseme nini?" Mihigo alisimama, akaikaza tai mwenyewe. "Nitaapa kwanza. Mlango ni wako, protokole."

Nje, gari jeupe lilikuwa linasimama chini ya mikaratusi. Wanaume wawili walibaki ndani, injini inanguruma, macho kwenye mlango wa kanisa. Kapiteni Laurent alishuka. Mikunjo ya suruali ilikuwa kali kama Muhirwa alivyoipiga. Kiunoni palikuwa na mkanda, na kwenye mkanda palikuwa na uzito wa bastola. Kepi ilikuwa kichwani.

Muhirwa alisimama katikati ya mlango.

"Karibu, kapiteni. Mgeni anavua kepi."

"Nitavua ndani."

"Ndani ni hapa."

Kwaya ilikuwa imemaliza wimbo na haijaanza mwingine. Vichwa vikaanza kugeuka. Mama Georgette, kiongozi wa akina mama, aliyeketi benchi la mwisho, alimtazama ofisa kuanzia viatu hadi juu.

"We mwana wa bantu, vua kofia, ni nyumba ya Mungu," alisema. "Ao kichwa yako iko na kidonda?"

Benchi zima la akina mama likacheka, na kicheko kikatembea hadi mbele. Watu mia nne walikuwa wanatazama. Kapiteni alicheka pia, kwa meno tu. Akaivua kepi na kumkabidhi Muhirwa.

"Shika muzuri," alisema taratibu. "Nitakuja kuikamata mimi mwenyewe."

Alipokwisha kuketi, kiti cha mbele, Muhirwa aliigeuza kepi. Ndani, chini ya kitambaa, palikuwa na picha ndogo: kijana mwembamba amebeba redio mgongoni. Mihigo, mtu aliyekuwa akisakwa.

Muhirwa alitoka nje, kepi mikononi, akaenda moja kwa moja hadi kwenye gari.

"Kijana ametoroka, amepitia Endiinzi," alimwambia dereva. "Kapiteni anasema mutangulie. Atabakuta."

Dereva aliiangalia kepi. "Ni yeye amekupa?"

"Nani anaweza kumunyang'anya?"

Wale wawili walitazamana. Dereva alinyoosha mkono, akaipokea kepi na kuiweka kwenye kiti cha nyuma kwa uangalifu, kama mtu. Gari likaondoka, vumbi likabaki.

Viapo vilipokwisha, watu wakiwa wamesimama wanapiga vigelegele, maharusi walitoka kwa mlango wa kwaya. Pikipiki aliyoiita Muhirwa ilikuwa inawangoja. Walikoelekea, Muhirwa hajamwambia mtu mpaka leo, hata mama yake.

Kapiteni alitoka kichwa kitupu. Aliangalia mikaratusi, akaangalia barabara.

"Kepi yangu."

"Imetangulia, kapiteni."

Alimtazama Muhirwa kama mtu anayesoma. Kisha, mbele ya wageni wote, akamshika mkono na kuubana.

"Pasi yako ni nzuri," alisema, akaondoka kwa miguu, simu sikioni.

Alhamisi iliyofuata Muhirwa alichelewa kazini. Muzafaru alikuwa anahesabu vifungo.

"Afande wako amepita," alisema bila kuinua kichwa. "Ajabu, nguo hakuleta. Kofia tu."

Kepi ilikuwa mezani. Muhirwa aliigeuza. Chini ya kitambaa palikuwa na picha mpya, imepigwa kutoka ndani ya gari: yeye mwenyewe, utepe kifuani, anatoka mlangoni mwa kanisa, kepi mikononi.

"Alisema isafishwe?"

"Hapana. Alisema usiiguse." Muzafaru aliinua kichwa sasa, na uso wake ukabadilika alipouona wa Muhirwa. "Alisema atakuja kuivaa hapa hapa."

Nyuma yao, pasi ya Muzafaru ilikuwa imesahauliwa juu ya shati la mtu, na moshi ulianza kupanda.