Majani ya Chini

Poni alimwona mzee Draku akija na jembe begani. Shamba hili la kijiji cha Lurujo lilikuwa la mzee. Alikuwa amemwazima Poni, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alime msimu mmoja wa majaribio. Mahindi yakistawi, angeendelea kulima na watoto wake wangekula. Sasa mahindi yenyewe yalikuwa yakigeuka manjano.

"Hii iko gonjwa," Draku alisema bila salamu, na kwa mzee mwenye adabu zake hilo peke yake lilitosha kutisha. "Leo nangoa yote. Kesho gonjwa itaruka kwa shamba yangu ingine."

"Baba, iko na njaa tu. Mimi ndiyo nilikosa."

Kosa lilikuwa lake kweli. Udongo ulikuwa mgumu, na wapasua mbao wa jirani walikuwa na vilima vya vumbi la mbao. Poni alilibeba kwa karai, akalifukia kwenye shamba zima, huku akijipongeza kwa kupata mbolea ya bure. Mbolea gani! Jana alimpigia simu Patience, binti wa Draku anayeuza mbegu mjini Arua, naye hakumficha kitu. Vumbi la mbao likioza hunyang'anya udongo naitrojeni. Mmea hujitengenezea sukari kwa jua, lakini sukari bila naitrojeni haijengi mwili, na mmea huhisi kwamba viwili hivyo havilingani. Hapo hupunguza kurefuka, hutoa chakula kwenye majani ya chini na kuyapa machanga ya juu, kisha hushusha sukari ardhini ili mizizi iende mbali kutafuta.

"Ng'oa mmoja utazame," Patience alimwambia. "Mizizi ikiwa imeoza, huo ni ugonjwa; ikiwa mizima na mirefu, ni njaa."

Poni hakuwa amethubutu kung'oa.

"Ngoa moja, Baba," alisema sasa. "Kama imeoza, maliza yote. Sitasema kitu."

Draku alivuta. Mmea ukagoma. Akachimba kando yake kwa jembe, akavuta tena, na Poni akatazama pembeni kwa woga.

"Angalia," mzee alisema.

Mizizi ilikuwa myeupe na mizima, mirefu kuliko mmea wenyewe. Poni alishusha pumzi.

Draku alishika jani la chini lililokauka, kisha lile changa la juu, ambalo bado lilikuwa na ukijani. "Hii ya chini inakufa sababu gani?"

"Inapeleka chakula yake kwa mutoto ya juu."

Mzee aliliachia jani. Akamtazama mikono iliyokonda na mifupa ya shingo iliyochomoza juu ya gauni.

"Na wewe, watoto wakikula, wewe unakula nini?"

Poni alivuta gauni kufunika shingo. Machozi yalimjia, akakasirika kwamba yamemjia.

Draku aliweka jembe begani. "Kuja nyumbani. Unakula kwanza. Halafu unabeba samadi ya mbuzi, unaletea hii mahindi ingine."