Futi Kumi na Nne Kasoro Inchi Mbili

Kila mwezi wa Juni, wiki moja kabla ya ligi kuchagua wachezaji chipukizi, gazeti moja la Hamilton huchapisha orodha ya machaguo kumi mabovu kuliko yote katika historia ya timu ya hoki ya mji huo. Majina hupanda na kushuka. Yuko mlinda lango aliyeacha hoki akaenda kufuga nyuki, yuko beki aliyevunjika mguu kabla ya mechi yake ya kwanza. Nafasi ya kwanza tu ndiyo haijabadilika kwa miaka ishirini na mbili: Lorne Hrycyk wa Burdock, Saskatchewan, chaguo la sita mwaka 1999. Mechi kumi na moja. Mabao, hakuna. Kuotea, mara kumi na tisa.

Lorne hakuwa na ugomvi na tarakimu. Alikuwa mpima ardhi mjini Saskatoon, na kwake tarakimu sahihi ilikuwa haina matusi. Kilichomchoma ni sentensi iliyokuwa ikirudiwa chini ya jina lake kila mwaka. Katika hoki ya barafu mshambuliaji haruhusiwi kuvuka mstari wa buluu wa wapinzani kabla ya kisahani, kinachochezwa badala ya mpira, kuuvuka, na Lorne alikuwa akiuvuka mapema, mechi baada ya mechi. Kocha wake alieleza sababu siku alipomrudisha timu ya chini: "Kijana anaogopa kugongwa. Katikati ya uwanja ndiko wanakogonga, kwa hiyo anakimbia apite haraka." Gazeti liliyapokea maneno hayo, na likayatunza.

Alijichunguza akiwa na miaka kumi na tisa na hakupata ushahidi wa kuyapinga. Basi akayakubali, kama mtu anavyokubali kundi lake la damu. Tangu hapo, kila alipokwepa jambo, alijiuliza kama ni busara au ni ule woga. Alikataa kazi nzuri ya kupima migodi kaskazini, akajiuliza. Alikataa kufundisha timu ya watoto mtaani kwake, akajiuliza. Hata mkewe hakujua kwamba alikuwa akijiuliza.

Mwaka huu orodha ilitoka Jumatatu. Jumatano akapigiwa simu na Bernadette Stasiuk, msimamizi wa uwanja wa barafu wa Burdock.

"Mheshimiwa namba moja!" akasema Bernadette. "Hongera, umetetea tena ubingwa wako."

"Asante, Bernadette. Unataka nini?"

"Nataka unipimie uwanja. Tunabadilisha zile mbao za pembeni zote, na mwenye kiwanda amegoma. Anasema hatengenezi kitu kwa kutegemea ramani ya mwaka sitini na saba. Anataka vipimo vilivyosainiwa na mpima mwenye leseni. Sasa mimi namjua mpima mmoja tu mwenye leseni, tena nilikuwa nikimfunga kamba za viatu."

Alifika Alhamisi saa nne asubuhi. Barafu ilikuwa imeyeyushwa tangu Aprili, na sakafu ya saruji ilikuwa kavu, ya kijivu, yenye harufu ya vumbi na amonia. Mwisho wa jengo, upande wa kaskazini, lilikuwa jiko, na dirisha lake pana likitazama uwanjani. Ndani ya jiko alikuwamo baba yake, Metro Hrycyk, mwenye miaka themanini na mmoja, kofia kichwani, kikombe cha kahawa mbele yake. Lorne alikuwa hajamwambia kwamba anakuja.

"Nimesikia unapima," mzee alisema.

"Shikamoo, baba. Ndiyo, napima."

"Ya nini? Ramani si ipo? Futi mia mbili. Imeandikwa."

"Ndiyo kazi yenyewe, baba. Kuhakikisha kilichoandikwa."

"Utajichosha bure. Hebu kaa. Bernadette ana pirohi za unga zenye viazi ndani, zimebaki za Jumapili. Zikaangwe kwa kitunguu, ule, urudi kwa mkeo."

"Nitakula nikimaliza."

"Saruji imepasuka pasuka kule. Utaanguka."

Lorne alimtazama. Baba yake hakuwa mtu wa kuhofia watu kuanguka. Alikuwa amejenga maghala ya ngano maisha yake yote, na aliwahi kuteremka kutoka juu ya ghala mkono ukiwa umevunjika, akamaliza kwanza sigara yake ndipo akaomba kupelekwa hospitali.

"Mwache mwanao afanye kazi, Mzee Metro," Bernadette akadakia akiwa kwenye sinki. "Unamng'ang'ania kama anakwenda vitani."

Lorne alifunga kifaa chake cha kupimia kwa mwanga kwenye miguu mitatu, akapima kutoka ubao wa kusini hadi ubao wa kaskazini. Kikasoma futi 186 na inchi 2. Akadhani amekosea. Akakihamisha, akapima upya: 186 na inchi 2. Akatoa utepe wa chuma, ambao hauna betri wala hauna uchovu, akapima vipande vipande kwa chaki. Jibu lilikuwa lile lile.

Pungufu ya futi kumi na nne kasoro inchi mbili.

Akatafuta zilikopotea. Kwenye mbao kulikuwa bado na misumari ya shaba iliyowaonyesha wachoraji mahali pa kupitisha mistari kila msimu. Kutoka goli la kusini hadi mstari wa buluu, sawasawa. Upande wa kaskazini, sawasawa. Upana, sawasawa. Upungufu wote ulikuwa katikati, kati ya mistari miwili ya buluu. Mtu aliyetaka kuficha, alificha pale.

Akasimama juu ya saruji, mkono mmoja kiunoni. Hakuwa mtu wa kuruka kutoka kipimo kimoja hadi hitimisho. Akaenda ofisini kwa Bernadette, akaomba karatasi za mechi za msimu wa mwisho aliochezea Burdock. Zilikuwa ndani ya boksi la matufaha, juu ya kabati. Akahesabu kwa kalamu. Mabao arobaini na manne. Thelathini na saba nyumbani, saba ugenini. Kuotea nyumbani, mara mbili kwa msimu mzima. Kuotea ugenini, mara ishirini na sita. Siku zile walisema ni uchovu wa basi.

Sasa hesabu ilijipanga yenyewe. Alijifunza hoki hapa, tangu akiwa na miaka minne. Hapa alijifunza kuondoka pamoja na mwenye kisahani, bila kugeuza kichwa, akihesabu hatua tu. Yeye alikuwa na kasi kuliko wenzake wote. Katika uwanja huu, kisahani na yeye walifika mstarini pamoja, na beki akabaki ameduwaa. Mwongezee futi kumi na nne za kukimbia, naye anamwacha mwenye kisahani nyuma, anauvuka mstari peke yake. Mguu wake ulikuwa ukisoma ramani ya Burdock ndani ya uwanja wa Hamilton.

Na yule msaka vipaji wa Hamilton, marehemu Gus Lindqvist, alikuja kumtazama mara tisa. Jina lake lilikuwa katika daftari la wageni, ndani ya boksi lile lile, mara tisa, zote Burdock. Hakumfuata ugenini hata siku moja. Lorne alimkumbuka vizuri: mtu mnene, mpole, akiwa kila mara kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha la jiko, sahani magotini.

Akarudi jikoni. Baba yake hakuwa amegusa kahawa yake.

"Mia moja themanini na sita," Lorne akasema.

Mzee akavua kofia, akaiweka mezani.

"Na inchi mbili," akasema mzee.

Bernadette akafunga bomba la maji. "Nini na inchi mbili?"

"Uwanja," Lorne akamjibu. "Ni mfupi."

"Mfupi kuliko nini?"

"Kuliko viwanja vyote vya ligi."

"Acha hizo, bwana! Nimefanya kazi hapa miaka thelathini."

"Baba," Lorne akasema, "ni nani aliyejua?"

Metro aligeukia sinki. Alikuwa akimtazama Bernadette, si mwanawe, kama vile ingekuwa rahisi kuungama kwa mtu baki.

"Tulikuwa kumi na wawili. Nimebaki mimi. Mwaka sitini na saba tulijenga kwa kujitolea, mnajua. Vyuma vya jengo vilishafika kwa treni, urefu wake ni huo huo, huwezi kuvivuta. Tukawa tumeshachora futi mia mbili za barafu. Wakaja kina mama wa kanisani. Wakasema, jiko liko wapi? Tukasema, jiko la nini, huu ni uwanja wa hoki. Wakasema, sawa, basi kesho jipikieni wenyewe."

"Mkajipikia?"

"Siku mbili. Siku ya tatu tukakata futi kumi na nne."

Bernadette akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo.

"Na mkaguzi wa ligi?" Lorne akauliza.

"Alikuja Januari, baridi nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Akapima kule, akapima huku, akapima upana. Akataka kupima urefu wote, mama yako akatoka na sahani ya kabichi zilizoviringishwa. Akasema, atapima baada ya kula. Baada ya kula akasaini. Tukafunika kombe mwanaharamu apite. Tukaapa kunyamaza, maana ligi ingejua, tungecheza na nani? Na paka?"

"Mama alijua?"

"Mama yako ndiye aliyeongoza kina mama."

Lorne alivuta kiti, akaketi mbele ya baba yake. Aliuliza swali lililofuata kwa sauti ile ile ambayo angeulizia mpaka wa shamba.

"Ulikuja Hamilton kunitazama. Mechi ya pili."

"Nilikuja. Uliotea mara tatu. Ya kwanza nikasema bahati mbaya. Ya pili nikaanza kuhesabu hatua zako. Ya tatu nikajua." Mzee akaigeuza kofia yake juu ya meza. "Nikasema moyoni, atazoea, ni kijana. Na mwaka ule Burdock walikuwa mabingwa, kombe limejaa bia, mji mzima unaimba. Nikasema ngoja kidogo. Walipokurudisha chini nikasema, nikimwambia sasa nitamwambia nini? Kwamba mama yake alitaka jiko? Kila mwaka nikawa nasema mwakani. Mwaka ukawa mwaka."

"Unajua kocha alisema kwa nini nilikuwa naotea?"

"Ulikuwa na haraka. Ndivyo ulivyotuambia."

"Alisema mimi mwoga. Imeandikwa gazetini kila Juni, baba."

"Mimi magazeti yale sisomi. Nilimwambia Bernadette asiyalete hapa." Kisha maneno yakamwingia. Uso wake ukageuka mwekundu hadi masikioni. "Mwoga? Wewe? Angeniuliza mimi! Mwoga wa ukoo huu ni mimi hapa. Nimemwogopa mkaguzi, nimemwogopa mama yako, nimewaogopa watu kumi na mmoja ambao wote wameshazikwa!"

Bernadette hakuweza kujizuia tena. Akacheka mpaka akashika ukingo wa sinki. Lorne alingoja hasira yake mwenyewe ipande. Alikuwa na haki nayo, na alikuwa ameipa nafasi. Badala yake mabega yake yalishuka, yote mawili, kama mtu aliyetuliwa gunia ambalo alishaacha kulihesabu kuwa ni mzigo.

Hakujidanganya. Futi kumi na nne zilieleza kuotea, labda mara kumi na tano kati ya zile kumi na tisa. Hazikueleza mashuti aliyopiga nje. Wapo wachezaji ambao wangegundua tofauti kwa wiki mbili na kujirekebisha, yeye hakugundua. Hakuwa mchezaji mkubwa aliyedhulumiwa. Alikuwa mchezaji wa kadiri, mwenye kasi, aliyechaguliwa mapema mno na mtu aliyependa pirohi. Hayo yote angeweza kuishi nayo, kwa kuwa hapakuwa na woga mahali popote ndani yake. Alipekua hesabu mara ya pili, hakuuona.

"Sasa utaandika nini?" mzee akauliza.

"Nitaandika kipimo."

"Watu watasema kombe letu la uongo."

"Njia ya mwongo ni fupi," Bernadette akasema akipangusa macho, "lakini ya kwenu jamani, mmeipunguza kwa msumeno! Hebu nisikilizeni. Mwenye kiwanda angenitengenezea mbao za futi mia mbili. Ningezipachika wapi? Juu ya jiko langu? Mwache aandike. Habari ya kombe tutaizungumza kwenye mkutano, na wakipiga kelele nitawaambia wachague: barafu ndefu au chakula cha jioni. Nawajua. Watachagua kula."

"Sheria inataka visomo viwili, vya watu wawili," Lorne akamwambia baba yake. "Inuka. Utanishikia utepe."

"Mimi sina leseni."

"Una macho."

Walitoka pamoja. Lorne alibana mwanzo wa utepe kwenye ubao wa kusini na mzee akautembeza polepole juu ya saruji, akipita usawa wa msumari mmoja hadi mwingine. Walisogeza chaki, wakaanza upya, kipande kwa kipande, mpaka Metro akafika chini ya dirisha la jiko. Akapiga goti moja, akavaa miwani. Akaufuta utepe vumbi kwa kidole gumba.

"Soma," Lorne akamwambia kutoka mbali.

"Mia moja themanini na sita," mzee akasema. "Na inchi mbili."

"Mnasema ngapi?" Bernadette akauliza dirishani, kikaango mkononi, vitunguu vikitatarika.

Metro akajizoazoa, akasimama, akajaza kifua hewa, akakitangaza kipimo upya kwa sauti iliyofika hadi kwenye mabati ya paa. Lorne akakiandika.